Mauzo Makavu

Shemsa Mhando aliigonga meza yake ya kioo kama mtu anayegonga redio mbovu, akaita takwimu upya. Zikaja zilezile. Achari ilikuwa inauzwa, tena inauzwa vizuri, chupa baada ya chupa, tangu wiki ile aliyozikwa Bi Mwajabu. Na katika wanunuzi wote hao hakuwapo hata mmoja aliyeitamani.

"Haiwezekani," alisema peke yake.

Akafumba macho, akafikiria ndimu iliyokatwa vipande vinne, imelazwa kwenye chumvi, imepakwa pilipili na bizari. Mate yakamjaa mdomoni. Nyuma ya sikio lake kishanga kikamtekenya, na pembeni mwa meza ukajitokeza mstari mwembamba wa buluu: hamu, ya sasa hivi, chimbuko lake ni wazo. Kumbe mashine ilikuwa nzima. Ajabu ilikuwa kwa wanunuzi.

Kila mtu mjini Tanga alikuwa na kishanga nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya mtama. Wenye mitandao walikigawa bure, na ukikikataa simu yako inabaki kuwa kioo cha kujitazamia, kwa hiyo hakuna aliyekikataa. Kilikuarifu simu ikiita, lakini kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza mwili unapotamani. Unatazama picha ya viatu mtandaoni, mapigo ya moyo yanapanda kidogo, kishanga kinaweka alama. Unaona biriani, mate yanakujaa, kishanga kinaweka alama. Siku utakayotoa pesa yako kununua, kinarudi nyuma alama kwa alama mpaka kwenye kitu cha kwanza kilichokutia hamu, na hicho ndicho kiitwacho chimbuko.

Kabla ya hapo biashara ya matangazo ilikuwa kubahatisha kutupu. Mtu analipia posti, anapata laiki mpaka zinamwagika, anafurahi kama bwana harusi, kisha mwisho wa mwezi hajui kama mauzo yameletwa na posti, na mvua, au na shangazi yake anayemsifia sokoni. Kampuni ya Chimbuko, aliyoifanyia kazi Shemsa, ilimaliza ubishi huo. Ilitoa cheti kilichosema mauzo yametokana na nini. Cheti hicho kilibandikwa ukutani dukani, kila apitaye akisome, na bila hicho hakuna mwekezaji ambaye angekusikiliza. Wapima kama Shemsa waliziona hamu za watu kwa namba tu, si kwa majina, na walikuwa wamekula kiapo kwamba hawatasema kamwe fulani amehisi nini.

Na katika bidhaa zote za dunia hii, achari ndiyo iliyokuwa rahisi kupima kupita zote. Hata wewe unayesoma hapa, ukitajiwa tu, mdomo wako umekwisha kukusaliti. Lakini wanunuzi wa Achari ya Bi Mwajabu walikwenda dukani wakiwa na vinywa vikavu, wakatoa pesa wakiwa na vinywa vikavu, wakarudi makwao na chupa mkononi, wakavu vilevile. Wale waliomwaga laiki na mioyo myekundu kwenye tangazo la ukurasa wa duka walikuwa wa mbali, na hawakununua hata kifuniko. Wanunuzi karibu wote walikaa Ngamiani, mtaa ule ule wenye duka, na wengi wao huo ukurasa hawakuwahi kuufungua.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla hajaitikia.

"Hodi tena. Nimeshindwa kukaa nje, mwanangu, nimeona nitaota mizizi."

Alikuwa Mzee Mbwana Shekue mwenyewe, mume wa marehemu na mwenye achari, fundi reli mstaafu, mrefu hadi ikabidi ainame mlangoni. Shemsa alisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Baba yako hajambo? Mama je?" Akamshika mkono, na mkono wa Shemsa ukapotelea wote ndani ya ule wa mzee. Ilikuwa mikono ya kukazia nati za mabehewa, mipana kama sinia. "Haya, niambie. Tangazo limefanya kazi, halijafanya?"

"Bado naangalia, baba. Nipe mpaka alasiri."

"Alasiri ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka. Wale vijana wa Nyota Masoko wanakuja nyumbani nikishatoka kusali. Wao wanachukua nyumba yangu ya Barabara ya Kumi na Nne, mimi wananipa kiwanda kule Pongwe, mashine tupu, na tangazo linakwenda nchi nzima. Kigoma! Bi Mwajabu alikuwa akiniambia, Mbwana, ipo siku mtu wa Kigoma atakula ndimu yangu. Mimi namcheka. Miaka yote namcheka." Akatazama dari. "Sasa simcheki tena. Nataka ifike."

Akaweka chupa moja mezani, zawadi. Ndimu zilionekana ndani, za manjano iliyokolea, na kwenye karatasi ya chupa picha ya mwanamke mnene anayecheka mpaka macho yamefumba. Shemsa alishukuru, akaisogeza kando bila kuifungua. Mpima haonji anachokipima. Ulimi wake ukishaingia kwenye hesabu, hesabu imekufa.

Mzee alipoondoka, Bi Ritha Kavishe, msimamizi wa ofisi, aliingia na kikombe cha chai. Hakuwa mtu mbaya. Ni mtu aliyekuwa na haraka siku zote.

"Cheti cha mzee wa achari kimefika wapi?"

"Dada Ritha, mauzo haya ni makavu. Yote. Hakuna hamu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si tangazo."

Bi Ritha akapuliza chai. "Shemsa, tangazo limeanza wiki ya mazishi, mauzo yamepanda wiki ya mazishi. Mzee anataka cheti. Nyota wanataka cheti. Unamnyima nani nini? Ukiandika si tangazo, sheria inakudai utaje chimbuko lenyewe, kwa herufi kubwa, libandikwe ukutani. Unalo?"

"Sina."

"Basi litafute, au andika tangazo. Lakini iwe leo."

* * *

Mchana alikwenda kula kwa mama yake, Barabara ya Kumi na Tano, maana kichwa kikimuuma Shemsa hukimbilia wali wa nazi. Bi Hidaya alikuwa anapakua samaki.

"Nitolee sahani ya bluu, humo kabatini, chini."

Shemsa akainama, akafungua kabati la chini. Sahani hakuiona. Aliziona chupa. Zilikuwa zimepangwa nyuma ya masufuria ya sikukuu, safu juu ya safu, na kwenye kila moja Bi Mwajabu alikuwa anacheka. Hakuna iliyofunguliwa.

"Mama."

"Nimekwambia ya bluu."

"Mama, hizi achari za nini?"

Bi Hidaya aligeuka na mwiko mkononi. Uso ulimshuka kama wa mtoto aliyekutwa na sukari. Akaja, akafunga kabati kwa mguu.

"Za kula. Achari huliwa, au huko ofisini kwenu wanaivaa?"

"Hujafungua hata moja."

"Kelele! Jirani wasikusikie." Akavuta kigoda, akakaa, akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Ulikuwa safarini Mwajabu alipofariki, hukuona. Tumetoka kuzika, watu wamekaa, Mbwana akasimama barazani na kimo chake kile. Akasema, ubani sipokei. Mke wangu hakuwa mtu wa kuchangiwa. Na matanga hakuna, kila mtu ashike njia, mimi nina duka la kufungua. Hivyo hivyo. Tukatazamana."

"Na ubani mlishachanga."

"Tulishachanga! Kikundi kizima, barabara tatu. Sasa utaufanyaje? Umrudishie kila mtu chake, kama harusi iliyovunjika? Mwajabu huyu aliyetupikia sisi sote tulipozaa, tulipofiwa, huyu azikwe kavukavu? Zaituni ndiye akasema, jamani, kwani duka amelifunga? Si analifungua kesho? Basi." Bi Hidaya akafuta jicho kwa ncha ya khanga. "Tunakwenda kwa zamu. Kila asubuhi mmoja, na mwenye nafasi hupita tena mchana. Pesa ni zile zile za ubani, zikiisha tunachanga nyingine. Ukinunua, hawezi kukukatalia."

Shemsa alikaa chini kwenye sakafu, hapo hapo mbele ya kabati. Kwenye meza yake ya kioo kulikuwa na sehemu ya tangazo, ya rafiki, ya mazoea, ya bahati. Watu wenye akili nyingi walikuwa wamekaa miaka wakitafuta sababu zote za binadamu kununua kitu, na hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kununua ili amshike mwenzake mkono. Alijikuta anataka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua.

"Lakini mngekula basi, mama. Achari ya Bi Mwajabu!"

"Ya Mwajabu ilikwenda naye. Hii anaitengeneza mwenyewe, usiku na mchana, maskini, na chumvi yake ni ya kukausha papa. Ukiiweka ulimini unaona bahari. Mjukuu wa Zaituni alilamba kidogo, akanywa mtungi."

"Na hamkumwambia?"

"Nani amwambie? Akamwambie mjane wa watu kwamba kitu cha marehemu kimeharibikia mkononi mwake?" Akamnyooshea kidole. "Na wewe mdomo wako ufunge. Hiyo ni siri ya watu. Mwanaume yule akijua anaonewa huruma atafunga duka siku hiyo hiyo, na akifunga duka, atakaa ndani na ukuta. Sasa hivi akichelewa kufungua mlango tunajua, kwa sababu wa zamu yupo pale nje anagonga. Siku moja alichelewa, homa ilikuwa imemwangusha. Zaituni alimkuta sakafuni."

"Na akihama?"

"Ahamie wapi?"

Shemsa akageukia kabati kutafuta sahani. Siri ya mteja nayo ni siri. Bi Hidaya alimtazama mwanawe, akaweka mwiko chini.

"Shemsa. Huko atakakokwenda, nani atamgongea?"

* * *

Njia ya kurudi ofisini aliikata kwa miguu ili apate nafasi ya kufikiri, na kila alipofikiri alijikuta mahali pale pale.

Akiandika tangazo, mzee atatia sahihi. Nyumba itakwenda, ua wenye jua la achari utakwenda, na atabaki Pongwe na mashine zake akisubiri Kigoma inunue chumvi. Kigoma haimjui Mwajabu wala haikula pilau yake. Haitanunua.

Akiandika ukweli, ukweli utabandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Siri ya barabara tatu itasomwa na kila mpita njia, na wa kwanza kuisoma atakuwa mtu aliyesimama barazani akakataa. Wanawake wale walikuwa wamejificha vizuri kwa upendo wao, na yeye Shemsa, mwenye kiapo, ndiye atakayewavua.

Alimkasirikia Mzee Mbwana kwa kiburi chake. Kisha akakumbuka ule mkono mkubwa ukitikisa wa kwake, na lile neno "simcheki tena", hasira ikayeyuka yote akabaki na huzuni tupu.

Mezani pake chupa ya zawadi ilikuwa bado inamsubiri. Akaizungusha. Na hapo ndipo alipokumbuka kanuni moja ya zamani, ambayo hakuna mpima aliyeitumia kwa sababu ilichukua muda na wateja waliiona ya kitoto: kipimo cha mwenye bidhaa. Kabla ya cheti, mwenye bidhaa mwenyewe aonje mali yake akiwa amevaa kishanga kilichounganishwa na meza, ili ijulikane hamu ya kweli ya bidhaa hiyo inasomekaje. Ilikuwa imeandikwa. Haikuwa imefutwa. Akachukua meza ndogo ya kioo, ile ya kubeba mkononi.

"Unakwenda wapi na meza ndogo?" Bi Ritha aliuliza kwenye korido.

"Kupima, dada."

"Alasiri, Shemsa!"

"Alasiri."

* * *

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na nyuma yake ua. Ndimu zilikuwa kwenye mabeseni juani, gunia la chumvi limeegemezwa ukutani. Mzee Mbwana alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa siku hiyo haikuwa Ijumaa. Alimkaribisha Shemsa, akampa kiti, akabaki amesimama.

"Imetoka?"

"Limebaki jambo moja, baba. Kanuni inataka wewe mwenyewe uonje."

"Mimi nionje nini?"

"Achari yako. Kijiko kimoja tu."

Mzee alicheka, kicheko kikafika katikati kikakatika. "Mwanangu, achari hii naijua tangu hujazaliwa."

"Umeionja lini mara ya mwisho?"

Swali lilikuwa la kawaida na Shemsa aliliuliza kwa upole, lakini mzee alilipokea kama pigo. Akashika ukingo wa meza ya duka.

"Sijaonja," alisema. "Tangu aondoke sijaonja. Naitengeneza, naitia chupani, nafunga. Nikiinusa tu inanitosha. Nikiionja nitajua kwamba..."

Shemsa alitamani kusema basi, baba, tuache. Ilimbidi apige moyo konde. Alifungua meza ndogo, akaunganisha kishanga cha mzee, akafungua chupa, akamnyooshea kijiko. Mzee Mbwana alisema bismillahi, akafumba macho, akatia mdomoni.

Mstari wa meza haukusogea. Ulikaa umelala pale, mkavu, mwembamba, sawasawa na mistari ya wanunuzi wake wote. Uso wa mzee ulikunjamana. Alitafuna polepole, akameza, maana hakuwa mtu wa kutema chakula. Akafumbua macho, akautazama mstari, akamtazama Shemsa.

"Hii siyo yake."

Shemsa akakipokea kijiko.

"Hii hailiki." Akashika chupa, akaitazama picha ya mkewe kama anayemwomba radhi. Halafu fikra ikamjia. Shemsa aliiona ikija. "Sasa watu wananunua nini?"

"Siruhusiwi kusema, baba."

"Wananunua kila siku. Hawakosi. Wananunua nini?"

"Nimekula kiapo. Hilo usiniulize mimi."

Na kama ilivyo mitaa ya watu, hapo hapo sauti ikaita barazani. "Hodi wenyewe! Nimekuja kuchukua chupa yangu."

Aliingia Bi Zaituni, rafiki wa marehemu tangu utoto, mfupi, khanga mbili, macho ya mtu asiyepitwa. Alimwona Shemsa na meza yake ndogo, akasimama kidogo, kisha akajifanya hana hili wala lile.

"Hujambo tangu juzi, shemeji? Nipe moja, na kama zipo mbili nipe mbili."

"Ya juzi umeimaliza?" Mzee Mbwana aliuliza.

"Mbona zamani! Wajukuu wameigombania mpaka nikawapiga."

Mzee akachota kijiko kilichojaa, akamnyooshea. "Onja hii basi. Ni ya leo."

Bi Zaituni alitazama kijiko kile kama anayetazama dawa ya minyoo. Akatazama mlango. Hakukuwa na pa kukimbilia, na heshima ni heshima. Alikitia mdomoni chote. Machozi yalimtoka, shingo ikajaa mishipa, lakini alitafuna, akameza, akafuta midomo.

"Tamu," alisema kwa sauti iliyokatika.

"Zaituni."

"Tamu sana, shemeji."

"Zaituni. Ni ubani?"

Bi Zaituni alimgeukia Shemsa kwa jicho kali, na Shemsa akatikisa kichwa: si mimi. Mwanamke akaiamini ile hapana, akashusha pumzi, akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Ulitufungia mlango, shemeji," alisema. "Tukaingilia dukani."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Mkanionea huruma."

"Tulikuonea huruma, ndiyo! Kwani huruma ni tusi? Ulisimama pale barazani ukatufukuza kama kuku. Mwajabu alikuwa wako peke yako? Mimi nimecheza naye rede akiwa hana meno ya mbele. Nilitaka nimlilie, Mbwana. Nilitaka nikae kwake nilie, kama watu wanavyokaa, na hukunipa pa kukaa." Sasa alikuwa analia waziwazi, hajali nani anamwona. "Basi nimekaa nalia na machupa yako chini ya kitanda."

Mzee Mbwana, mrefu yule, aliinama mpaka akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mikono imening'inia. Shemsa alifikiri kwamba sasa ameharibu kila kitu, kwamba mama yake alisema kweli, kwamba duka litafungwa leo.

Ni Bi Zaituni aliyepenga kamasi na kusema, "Lakini chumvi, shemeji! Jamani chumvi! Hebu niambie, ulikuwa unapimaje?"

"Kama yeye," alisema mzee kwa unyonge. "Nilimwona miaka yote. Beseni moja, viganja vinne."

"Viganja vya nani?"

Mzee Mbwana hakuelewa. Kisha akaunyanyua mkono wake wa kuume, akaukunjua mbele ya uso wake, ule mkono mpana wa kukazia mabehewa, akautazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Shemsa alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini ndani yake kulikuwa na kicheko kinachotafuta njia, na vyote viwili vilitoka kwa pamoja, sauti kubwa iliyovuka ukuta wa ua na kufika kwa majirani.

"Mwajabu angenicheka," alisema. "Wallahi angenicheka huyu mpaka akae chini."

"Angekaa chini na angejigaragaza," alisema Bi Zaituni.

Waliosikia walianza kuja. Kwanza alikuja jirani wa ukuta mmoja, halafu wawili wa ng'ambo, halafu Bi Hidaya mwenyewe akihema, ameshika khanga mdomoni, akijua kwamba limetokea la kutokea. Hakuna aliyeuliza. Waliona mzee yuko chini na mlango uko wazi, wakavua viatu. Mmoja akatandika mkeka.

Vijana wawili wa Nyota Masoko walifika katikati ya hayo, wamevaa suti, na mkataba unang'aa kwenye kioo cha mkononi. Mzee Mbwana aliinuka, akawaendea mlangoni, akawasalimu vizuri kwa mkono.

"Mtaniwia radhi, wanangu. Leo sina biashara. Nina msiba."

"Pole sana, mzee. Ni wa nani?"

"Wa mke wangu."

Vijana walitazamana, maana ukurasa wa duka waliujua wote, na tangu mazishi siku zilikuwa zimepita. Lakini walilelewa, kwa hiyo wakasema inna lillahi, wakaondoka.

"Na lile ombi la cheti," alimwambia Shemsa akirudi, "ulifute. Nimeliondoa mwenyewe."

Shemsa aliandika maneno matatu kwenye meza yake ndogo, mteja ameondoa ombi, na hakuna siri ya mtu iliyobandikwa ukutani. Alijua vilevile kwamba kile kijiko hakukitoa kwa ajili ya kanuni, na kwamba kesho Bi Ritha atamuuliza na yeye atakuwa hana la kumficha. Kishanga chake tayari kilikuwa kinamtekenya: Bi Ritha anapiga. Alikiacha kitekenye.

Uani, Bi Zaituni alikuwa amekunja khanga kiunoni na kumwaga mabeseni yote ya ndimu zilizozidi chumvi kwenye mtaro. Ndimu mpya zilikatwa na wanawake waliokaa kwenye mkeka, huku wakimtaja marehemu, huyu anaanza kisa, yule anakimalizia, wakilia na kuchekana. Beseni la kwanza lilipojaa, Bi Zaituni alisimama mbele ya gunia, akatazama mkono wake mwenyewe, akaona mnene mno. Wa Bi Hidaya ulikuwa mrefu. Macho yake yakazunguka uani mpaka yakamwangukia mpima.

"We Shemsa. Lete mkono."

Shemsa aliweka meza yake chini, akaenda, akazamisha mkono guniani, akautoa umejaa, chumvi ikimwagika vidoleni. Mzee Mbwana alisogea karibu akainama kama alivyoinama asubuhi kwenye mlango wa ofisi. Akautazama ule mkono mdogo.

"Punguza," alisema.

Shemsa akapunguza.

"Punguza tena. Alikuwa anakunja kidole kidogo." Akaukunja yeye mwenyewe kile kidole cha Shemsa, kwa ncha ya kidole chake kikubwa, taratibu sana. "Hapo. Simama hapo hapo. Ilikuwa inaishia hapo."